Jua la Mfukoni

Mjini kwetu, kuanzia mwisho wa Novemba,
jua halivuki mlima.
Lipo, tunajua lipo, nyuma ya jabali,
linapita chinichini kama mdaiwa
anayekwepa mlango wa duka.
Miezi miwili hatuonani nalo.

Nami mwaka huu, mwaka wa arubaini na saba,
nikapata jua langu.

Linachomoza saa tisa usiku.
Linaanzia kifuani, linapanda shingoni,
masikio yanawaka, mto unalowa.
Ketill amejikunyata chini ya mablanketi matatu,
mimi nimefungua dirisha,
theluji inanitua begani
na naapa, huwa inalia: tsss.

Mwezi wangu nao umerukwa na akili.
Ulinisusa Septemba, ukanisusa Oktoba,
nikasema haya, kwaheri,
tumekaa vizuri miaka thelathini na minne.
Novemba ukarudi na masanduku yake yote,
ukakaa siku kumi na moja,
hauulizi hata kama mwenye nyumba amelala.

Kiwandani nilisahau neno "kisu".
Nilikuwa nimekishika.
Nikamwambia Bożena, nipe kingine, kile,
kile cha kumpasulia chewa.
Hakunicheka. Akasema,
"Juzi nimesahau jina la mwanangu,
nikawaita wote waliomo ndani
mpaka nikafika kwa paka."
Hapo ndipo tulipoangua kicheko
hata msimamizi akazima mkanda wa samaki
akidhani mtu amekatika kidole.

Siku nyingine sikucheka.
Nilimlilia chewa, mfu, jicho wazi,
kana kwamba nimemnyonyesha mimi.
Nilimrushia Ketill sufuria ya viazi
kwa kosa la kupumua.
Haikumpata.
Akaviokota kimoja kimoja, akavisuuza,
akakaa, akala, akanisogezea chumvi.
Yapo mapenzi ya namna hiyo pia.

Daktari alinichorea mstari
unaopanda na kuporomoka
kama milima inayotuzunguka.
Nikamwuliza, upande wa pili kuna nini?
Akafikiri kidogo. "Kuna watu," akasema,
"wanaishi."
Mama yangu alifika huko
na hakutuma hata kadi.
Mimi binti yangu nitamwambia. Nimeshaanza kumwambia,
naye huziba masikio, na mimi naendelea.

Ni Bożena aliyelipa jina:
jua la mfukoni.
"Wenzio wanalisubiri mpaka Januari," alisema,
"wewe unatembea nalo."
Basi siku hizi, akitakiwa mtu
wa kuingia chumba cha barafu,
vijana wenye ndevu wakianza kutazamana,
mimi nimeshafungua zipu ya koti.
Nasimama kati ya makasha,
mvuke unanitoka kichwani kama birika,
nahesabu minofu, polepole,
na kwa dakika nne au tano
mwili huu na mimi
hatudaiani.

Sisemi nimepona. Si ugonjwa.
Wala sisemi nimefurahi kila siku,
leo asubuhi nimemtukana kitasa.
Nasema tu kwamba mtu aliyezaliwa huku
hulijua giza kwa tarehe zake,
na hununua unga mapema.

Tarehe ishirini na tano likaja.
Shule ikawatoa watoto, kiwanda kikanyamaza,
tukasimama barabarani na chapati za maji
zenye sukari, zinatoa moshi.
Kwanza likagusa paa la kanisa,
likateremka ukutani,
likatufikia usoni, jembamba, la manjano,
la dakika tatu.
Na papo hapo, bila hodi,
likachomoza na la kwangu.

Nikavua kofia. Nikavua skafu.
Thorkatla wa posta akanitazama,
naye, taratibu, akavua yake.
Hatukusemezana.

Lile la mlimani lilipozama
Ketill akanipa mikono yake, baridi kama vyuma,
nikaiweka shingoni.
"Lako bado lipo?" akauliza.
Nikamwambia asogee,
na chapati yangu asiiguse.